Mikono Yangu Ilipolala Mchana

Juzi, mjini Uvira, daktari mmoja kijana aliniuliza swali lililonichekesha mpaka nikapaliwa. Alikuwa ameishika mikono yangu, hii inayojinyonganyonga tangu utotoni, kila kidole na safari yake, shingo nayo ikifuata. "Mama," akauliza kwa adabu, "ukilala usingizi, inaendelea?" Nikamwambia hapana, inatulia kabisa. Akafurahi. Akasema hiyo nayo ni dalili, ugonjwa unaitwa atetozi, na si kosa la mtu. Ee, rafiki yangu, si kosa la mtu! Ameniambia hayo nikiwa kikongwe, wakati swali hilohilo lilishajibiwa miaka ya hamsini, na jibu likaniponza.

Tulikaa karibu na ziwa, nyanya yangu, mama wa mama, na mimi. Asubuhi wavuvi walirudi, akina mama wakagombania ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa kelele, halafu zikaanikwa mchangani mpaka hata mashuka yetu yakanuka samaki. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya samaki hao, basi. Mikono ilijiendea yenyewe na kunguru hawakuthubutu kushuka. Jirani yetu, aliyewakataza watoto wake kula nami sahani moja, alikuwa wa kwanza kuleta ndagala zake na kuzimwaga karibu na miguu yangu. Alizikusanya jioni bila hata kunitazama. Mwanamke ovyo kabisa yule, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele.

Mwaka mmoja watoto wa rika langu walikuwa wakijifunza katekisimu kwa ajili ya komunio ya kwanza. Niliitaka komunio hiyo kuliko kitu chochote. Nyanya alikuwa ameshapata kitambaa cheupe kutoka mji wa Usumbura, ng'ambo ile ya ziwa, akanishonea gauni lenye mikono mirefu. Majibu yote niliyajua, ingawa maneno yalitoka kinywani kwa shida. Lakini mwalimu wa katekisimu hakujali majibu. Alikuwa na baiskeli, kaptula iliyopigwa pasi, na kichwa kitupu kama debe. Yeye alitaka mikono ifungwe kifuani, vidole vimenyooka. Yangu, kadiri watu walivyoikodolea macho, ndivyo ilivyozidi kuruka. Watoto walicheka mpaka wakajishika matumbo. Mwalimu akatangaza kwamba nina pepo, na mwenye pepo hakomuniki.

Nyanya hakubishana naye. Alimwalika chakula. Akampikia samaki mtamu kuliko wote wa ziwani, mukeke mnono, na bugali wa muhogo, nami akanilaza mkekani kwenye kivuli cha nyumba, nikiwa nimeshashiba. Mwalimu alipomaliza kulamba vidole, nyanya akamleta pale nilipolala. Sauti zao zilinifikia katikati ya usingizi, sikufungua macho.

"Ona, mwalimu, mikono iko kimya. Pepo gani inalalaka mchana?"

Nikamsikia akivuta pumzi, kama mtu aliyegundua jambo kubwa.

"Kumbe anaweza kutulia!" akasema. "Basi hana pepo. Huyu mutoto iko na kichwa nguvu tu. Anafanya makusudi."

"Weye mwalimu, si iko nalala?"

"Makusudi, mama. Miye nitamunyoosha."

Na mukeke wa watu alikuwa ameshaumaliza, mlafi yule! Tangu siku hiyo alikuja darasani na fimbo. Kidole kikisogea, fimbo. Fimbo ikishuka, mkono mzima unaruka, basi fimbo nyingine. Huo ndio ulikuwa ujuzi wake wote. Mwishoni akasoma majina ya watakaokomunika, langu likarukwa, na jirani yetu akasema afadhali, ningeaibisha kanisa.

Jumapili yenyewe wenzangu walipita mbele ya nyumba wakielekea misioni, wote katika nguo nyeupe, wakiimba. Nyanya hakwenda misa. Alinivalisha gauni langu, akanichana nywele, akaniketisha mchangani penye ndagala. Akamega bugali, akachovya kwenye mchuzi. "Fungua kinywa, mama," akaniambia. Ndivyo alivyonilisha kila siku, maana mkono wangu ungepeleka tonge sikioni. Siku ile alilia huku akinilisha, nami nikala mpaka nikashiba.

Sasa ufuo ule umejaa nyumba, na pikipiki zinapiga honi siku nzima pale tulipoanika samaki. Nyanya hayuko. Mwalimu naye alikufa akisifiwa, wakamwimbia nyimbo ndefu, nami nikakaa nyumbani kwangu nikangoja maharage yaive. Mwezi uliopita padri mmoja kijana aliniletea komunio hapa kitandani nilipokuwa naumwa, amesikia eti sijawahi kuipokea. Anajua kuheshimu watu, yule mtoto. Nikamshukuru, nikamwambia arudi nayo tu: mimi nilishakomunika zamani, mchangani, kwa mkono wa nyanya uliokuwa ukinuka ndagala.