Samaki Mabegani mwa Baba

Harufu ya samaki mkavu aliyekolea chumvi hunirudisha Masumbwe, msimu ule wa ngoma baada ya mavuno. Baba yangu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na kwetu Wasukuma makundi mawili hucheza yakishindana. Watazamaji wakikukimbia kwenda upande wa pili, umeshindwa. Kwa hiyo kila manju hutafuta kioja cha kuwavuta. Sokoni Katoro mchuuzi mmoja alimwonyesha baba kiumbe mkavu, mpana kama ungo, mwenye mkia mrefu, akaapa kuwa ni mnyama wa porini anayeruka. Baba akanigeukia. "Kabula, wewe ndiye msomi. Huyu ni nani?" Nilikuwa darasa la tano, na wiki ile tulikuwa tumesoma habari za kindi arukaye, yule mwenye ngozi iliyotandazwa kati ya miguu. Nikajibu kwa majivuno, "Kindi arukaye, baba. Mamalia." Manyoya sikuyaona, nikadhani yamenyonyoka; harufu ya chumvi nikadhani ni ya kumkaushia tu. Ile mipasuo ya tumboni niliidhani alama za kisu. Baba akanunua.

Siku ya mashindano baba aliingia uwanjani amemvaa kiumbe yule mabegani, akimtangaza kindi wa misitu ya Ushetu. Umati ukamjia mbio. Ndipo mchimbaji mmoja wa dhahabu, mgeni kutoka pwani, alipoangua kicheko. "Mzee, huyo taa! Samaki wa baharini! Kwetu tunamla na wali!" Watu wakacheka hadi wakashikana mbavu, kisha wakahamia upande wa pili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wachezaji wa baba wakamuuliza ni nani aliyemdanganya. Baba akajifuta jasho. "Macho yangu mwenyewe," akasema, wala hakunitazama.

Leo mambo haya nayajua vizuri. Taa ni samaki, ndugu wa papa, na mipasuo ile ndiyo njia ya maji anapopumua. Kindi ana manyoya na hunyonyesha. Taa wa aina nyingi wamo hatarini kutoweka kwa kuvuliwa kupita kiasi; kindi arukaye hahesabiwi kuwa hatarini, ingawa Ushetu miti yake mingi imeishia kukaushia tumbaku. Haya yote namfundisha mwanangu bila kusitasita. Lakini yule taa angali ametundikwa ukutani kwa baba, na mgeni akiuliza, mzee hucheka. "Nilimdhani kindi. Mimi na ujinga wangu." Nami nipo palepale, msomi wake, nimeinamisha kichwa namimina chai.