Ulimi Niliousugua Siku ya Mtihani

Mimi shule niliishia darasa la nne, nalo sikulimaliza, lakini habari za leseni ya mwanangu nazijua kama ninavyozijua jinzi ninazozichukua viwandani Xintang kwenda kuuza. Siku hizi, ukitaka kufungua kliniki ya tiba asili kwetu Tanzania, baraza linalotoa leseni haliwezi kukusajili kwa sababu tu bibi yako alijua mizizi. Wanataka cheti. Na chuo anachosomea tiba ya Kichina hapa Guangzhou, China, hakitoi cheti mpaka mwalimu akuone ukimpima mgonjwa, na mgonjwa unamleta mwenyewe. Binti yangu akanileta mimi na gesi yangu ya tumbo, iliyoanza tangu nihamie huku, ingawa pilau ya pale mtaa wa Dengfeng nayo ina mafuta, tuliache hilo.

Kwetu huendi kwa daktari ukiwa mchafu. Nikaoga, nikavaa kitenge kipya, nikapiga mswaki. Na kwa kuwa nilishaambiwa wataangalia ulimi, nikausugua kwa kijiko mpaka ukawa mwekundu kama wa mtoto.

Mwalimu alikuwa mama wa Kichina mwenye nywele fupi. Mbele yake binti yangu akaniwekea vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono, akatulia. Kisha akasema, "Mama, toa ulimi."

Nikautoa wote.

Akauchungulia, akakunja uso. Wao ugonjwa wanausoma kwenye ule utando wa juu ya ulimi, na utando wangu nilikuwa nimeshaumwaga kwenye sinki.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesafisha. Ulitaka nikuaibishe?"

Angeweza kubuni. Gesi yangu anaijua, tunalala chumba kimoja. Lakini akamgeukia mwalimu wakasemezana Kichina, baadaye akanitafsiria: alisema ulimi umesuguliwa, hawezi kuusoma, na hatasema asichokiona. Mwalimu akampa nafasi moja ya mwisho, kesho yake asubuhi, ulimi uje kama ulivyoamka.

Basi kesho yake nikatoka bila mswaki, bila chai. Kwenye lifti nikamkuta jirani yetu wa Mombasa, muuza simu, mdomo wake haujui Jumapili.

"Mamangu, leo waninunia?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata salamu huitiki? Kumbe jinzi zimepanda bei."

Nikajiziba mdomo kwa kitenge. Angenipa hata haluwa nisingefungua.

Safari hii binti yangu akasoma: utando mweupe, mzito, tumbo limeingia baridi. Akaniuliza habari za soda za barafu, nikakiri. Mwalimu akasogea, akautazama ulimi mwenyewe, akampitisha.

Kisha akataka kujua kama nitafuata masharti, maji ya moto tu, soda marufuku. Nikamwambia binti yangu, mwambie mimi ndiye mgonjwa wako wa kwanza, nitakunywa unachoniambia.

Leseni bado, baraza lina foleni yake. Tiketi zetu za kurudi nimeshakata. Tukifika nitakaa naye kwenye benchi la pale mlangoni pa baraza mpaka waitoe.