Mwana wa Ndani wa Mwanatatu

Mwaka ule wa ukame, kabla ya mvua kubwa ya sitini na moja, Boga fundi seremala wa Mjambere alifiwa na mkewe, Mwanatatu. Watoto hawakujaaliwa. Alichoachiwa ni kinyonga jike aliyezoea mrihani wa kwenye debe pale uani. Marehemu akimwita "mwana wa ndani," maana hakuachwa kuvuka kizingiti.

"Mwana wa ndani asife kwa kiu," alisema Mwanatatu akikata roho, na hakusema tena.

Umande aliokuwa akiunywa majanini ulikuwa umekoma. Boga akamtia kinyonga katika sanduku la vioo la kuuzia mahamri. Adhuhuri akamkuta kinywa wazi, rangi imepauka, vioo vina moto kama kikaango. Akamhamishia katika dema kuukuu la kutegea samaki, hewa ipite. Ikapita kweli, ile kaskazi kavu, na siku ya tatu macho ya kinyonga yakazama. Mwanatatu naye macho yalimzama vivyo hivyo.

Rafiki yake Baya, mvunja mawe wa Mwakirunge, alikuja akasimama mlangoni. Baruti haimtishi, ila kinyonga!

"Karibu ndani, au miguu imeota mizizi?" Boga akamtania.

"Siingii mpaka umfunike mkeo mdogo!" Kisha akamwonea huruma. "Mzibie pande tatu kwa mbao, wa nne utie wavu. Mti wake uwe ndani, maji yadondokee majani asubuhi na jioni. Huyo hanywi bakulini."

Nyuma ya mlango palikuwa na mbao chache, safi, zimerandwa. Boga akazikata, akazipigilia, hakujiuliza. Akaingiza debe la mrihani, akatundika kopo lililotobolewa. Tone la kwanza lilipogusa jani, kinyonga akanywa. Kesho yake alikuwa kijani.

Ijumaa baada ya sala Baya akarudi, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu.

"Bwana Boga, mbao hizi wazitoa wapi?"

Boga akazitazama. Vilikuwa viunza. Alivipasua mwenyewe vya kumfunikia mkewe kaburini, vikazidi.

"Na mrihani, kama wa kaburini," Baya akasema polepole, "na maji asubuhi na jioni. Hili si tundu, ndugu yangu. Umejenga mwanandani."

Mwanandani ni ule ubavu uchimbwao chini kaburini, alazwamo maiti. Baya aliujua, wa Mwanatatu aliuchimba yeye.

"Mwana wa ndani," Boga akanong'ona. Jina alilolisikia miaka yote likamgeukia mdomoni.

Hapo kinyonga akateremka mtini, jambo asilopata kulifanya. Akaanza kuchimba udongo wa debe kwa mikono. Akaingia kinyumenyume, kikabaki kichwa tu, kinawatazama. Alasiri akatoka, tumbo limenywea, akalifukia shimo, akalipigapiga kwa viganja, kama wafanyavyo watu makaburini.

"Kazika," Baya akasema.

"Kataga. Ni mayai."

"Wewe umeyaona?"

Hawakuyaona.

"Livunje, Boga! Litupe, wallahi!"

"Akitoka humu kiu itamuua. Nilipewa amana."

Akatwaa kopo. Akanyunyiza majani, kisha udongo ule, taratibu, kama kaburi, toka kichwani hadi miguuni. Mkono wenyewe uliijua njia. Kinyonga akanywa. Jicho moja lilimtazama Boga. La pili lilitazama chini, udongoni.