Kiti cha Telesphori

Faili la Teles lilikuwa limekaa mwezi mzima juu ya mashine ya kutolea nakala katika steshenari ya Vaileth, Kambarage, mjini Shinyanga, na lilikuwa faili la kujivunia. Fundi wa mitambo mizito, miaka kumi na minne kazini huko Geita, na kila mwaka una karatasi yake. Vyeti vya shule vilikuwamo. Cheti cha ufundi kilikuwamo. Zilikuwamo barua za waajiri wawili, zenye mihuri, zikieleza kazi moja baada ya nyingine, kuanzia kubadilisha gia boksi hadi kufunga upya injini ya lori la kubebea mawe. Hata matokeo ya mtihani wa Kiingereza, uliomtoa jasho mara mbili, yalikuwamo. Kampuni moja ya Australia ilikwisha kusema inamtaka, na Vaileth, ambaye si mtu wa kupamba maneno, alisema watu wa aina yake huko wanagombewa.

"Shemeji, kimebaki kimoja tu," alisema. Vaileth ni binamu wa Limi, mke wa Teles. "Cheti cha kuzaliwa. Pasipoti yenyewe inakisubiri hichohicho. Na hawa wamesema mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi wanampa mwingine."

"Nitakileta."

"Basi nenda kwenu Ushirombo. Parokiani wakupe cheti cha ubatizo, mama yako asaini fomu hii hapa, mtendaji apige muhuri. Siku mbili umemaliza. Mbona unatoka jasho?"

Alitoka jasho kwa sababu mama aliyeandikwa kwenye fomu ile hakuwa mama yake.

Mambo haya yana mwanzo, na mwanzo wenyewe ni mtoto aliyefeli. Mwaka 2001, Agapiti, mwana wa mzee Maduhu na mkewe Suzana, alifeli darasa la saba. Siku zile kufeli kulikuwa mlango uliofungwa kwa komeo. Kurudia darasa kwa jina lako ilikuwa marufuku, lakini kurudia kwa jina la mwenzako kulifumbiwa macho. Watoto walirudia kwa majina ya watoro, ya wasichana waliokwisha kuolewa, ya waliohama na wazazi wao kufuata malisho. Jina likishaandikwa wilayani na kupewa namba ya mtihani, kilichobaki ni kupata mtu wa kulikalia. Mzee Maduhu alimpeleka mwanawe shule ya ng'ambo ya mto, kwa mwalimu mkuu Edward, na mwaka huo mpya wa 2002, kwa bahati mbaya, hapakuwa na mtoro hata mmoja. Agapiti alikaa sakafuni nyuma ya darasa miezi sita, hayumo kwenye daftari la mahudhurio, akisubiri mtu akimbie.

Mwezi wa saba hakukimbia mtu. Alikufa mtu. Telesphori Paschal, wa dawati la tatu kando ya dirisha, aliugua homa siku tatu na ya nne wakamzika. Majina yalikuwa yameshapelekwa wilayani. Mwalimu Edward hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalosumbua katika hadithi hii, maana angekuwa mbaya tungemlaumu tukalala. Alikuwa mwalimu tu asiyeweza kuona kiti kikibaki kitupu.

Jumatatu baada ya maziko akaita mahudhurio. "Telesphori Paschal!" Darasa likanyamaza, mpaka mbuzi wa nje wakasikika. Halafu kutoka dawati la tatu sauti nyembamba ikasema, "Nipo, mwalimu." Msichana mmoja akaanza kulia, akaambiwa atoke nje akanawe uso. Agapiti alikuwa ameweka viwiko juu ya ubao uliochongwa herufi T na P kwa ncha ya bikari, na ndani ya dawati kulikuwa bado na kipande cha muwa kilichokauka, kina alama za meno. Hakukitupa. Hakujua akitupe kwa ruhusa ya nani.

Telesphori Paschal alifaulu. Akaenda sekondari, akaenda chuo cha ufundi, akaajiriwa. Kwenye ovaroli yake ya karakana walimtarizia jina TELES, na watu wakalizoea, na mshahara ukaingia kwa jina hilo. Kwa Limi alisema Agapiti ni jina la nyumbani, na kwa kuwa huku kwetu mtu mwenye majina mawili si ajabu, Limi hakuuliza zaidi. Ila jambo moja alikuwa haliachi. Yeye ni Mkatoliki wa Mwadui, kalelewa kwaya, alitaka ndoa ya kanisani, na kwa miaka tisa Teles alikuwa na sababu mpya kila Pasaka. Ndoa ya kanisani inataka cheti cha ubatizo. Alimwogopa padre kuliko alivyoogopa jeki mbovu.

Na kuna mtu Teles alimwogopa zaidi ya padre: mwenye jina. Hakumwona kwa macho, tusidanganyane. Lakini kila akiitwa kwa ghafla, palikuwa na kitambo kidogo kabla hajaitika, kama cha mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kutangulia. Mafundi wenzake walidhani kelele za mashine zimemharibu masikio.

Basi alikwenda. Hakupitia kwao kwanza. Alivuka mto moja kwa moja, akamkuta Bernadina, mama wa marehemu, kakaa kwenye kigoda barazani anamenya karanga. Mwanamke wa miaka sabini hivi, mjane, macho makali. Teles alikuwa amejiandalia maneno tangu Shinyanga, na yote yakampotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka. "Umechelewa. Nilijua utakuja, sikujua utakuwa mnene."

Akamwekea michembe, vile viazi vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga, akamwambia ale. Teles alikula. Kisha akatoa fomu, akaeleza: Australia, kazi, mwisho wa mwezi, saini moja tu. Alisikia jinsi lilivyokuwa jambo dogo mdomoni mwake, akaona aibu.

"Lete karatasi zote nizione," Bernadina alisema.

Alizipanga juu ya ungo, karatasi moja baada ya nyingine, akipapasa jina kwa kidole. Alijua kusoma, alifundishwa na masista. Cheti cha kidato cha nne. Cheti cha chuo. Barua yenye kusema mfanyakazi huyu ni mwaminifu. Alisoma kila moja mpaka mwisho, mihuri na tarehe, kama mama yeyote anayeletewa ripoti ya mwanawe, na Teles hakuweza kumtazama.

"Mwaka ule," Bernadina alisema, "wanawake walinifuata mashineni, nasaga. Mama Telesphori, mwanao kafaulu, jina lipo ukutani shuleni. Nikafikiri wananicheka. Nikaenda na unga kichwani. Nikalikuta jina. Namba kumi na moja. Ng'wanawane, mwanangu we, nilikaa chini pale pale. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri tumemzika mtoto mwingine, tumekosea. Nilikimbia makaburini na unga wangu."

Teles alisema, "Nisamehe, mama."

"Una watoto?"

"Wawili. Anisia na George."

"Majina kamili."

Hilo lilimshinda kulisema mara ya kwanza. "Anisia Telesphori. George Telesphori."

Bernadina aliyarudia majina yale taratibu, mara mbili. Mikono yake ilikuwa imeacha karanga. Kisha akazikusanya karatasi zote, akazipiga piga zikae sawa, akamrudishia. Fomu ilikuwa juu kabisa, haina saini.

"Kufaulu kwake chukua," alisema. "Nilikwisha kukuachia. Kiti, shule, kazi, hata hao watoto wenye jina lake, Mungu awakuze, siku moja uwalete niwaone. Lakini kuzaliwa kwake sikupi. Kuzaliwa nilikuwapo mimi, usiku kucha, na mkunga mlevi. Ndicho kitu pekee cha mwanangu ambacho hujakikalia."

"Mama, bila hiyo saini yote haya yanakufa."

"Hata ningesaini, isingekusaidia. Siku ile nilitoka makaburini nikaenda kwa padre, nikamwambia andika kwenye kitabu kwamba amekufa, wasije wakaniambia tena kafaulu. Kimeandikwa. Nenda kwa mama yako aliyekuzaa. Yeye hajambo?"

Teles alirudi ng'ambo ya pili kwa miguu, viatu mkononi, maji ya mto yamefika magotini. Katikati ya mto alimpigia Vaileth.

"Faili liache kwanza."

"Niliache vipi? Telesphori, wewe! Siku kumi zimebaki!"

Kile kitambo kilikuja, kikawa kirefu kuliko siku zote. "Nitakupigia," alisema, akakata simu.

Alilala kwao, lakini usingizi haukumjia. Kulipokucha alimwambia mama yake, Suzana, kila kitu, na Suzana, ambaye alikijua kila kitu tangu mwanzo na ndiye aliyemshonea ile sare ya shule ya ng'ambo, alijifunga kanga ya pili akasema twende. Labda, aliwaza Teles njiani, akianza na jina lake mwenyewe ipo namna. Kuapa mahakamani, kueleza, kuomba. Alijua fika kwamba Agapiti hana hata cheti cha darasa la saba, na kwamba mtu anayekiri alifanya mtihani kwa jina la marehemu hapokewi na mwajiri kwa nderemo, si Australia, wala hata Geita. Lakini alitaka kuliona jina lake limeandikwa mahali.

Ofisini parokiani alikuwapo Martina, katibu, msichana wa juzi tu aliyetoka Kahama asiyemjua yeyote. Teles aliomba kuonyeshwa mstari wa Agapiti Maduhu, hakusema kwamba ndiye yeye. Martina alilitoa daftari kubwa la ubatizo, akaufuata ukurasa kwa rula. Suzana aliketi kwenye benchi mlangoni, goti linamuuma.

"Telesphori Paschal siyo mliyemtaka, eh? Huyu hapa mstari wa juu. Amefariki, 2002." Rula ikashuka. "Haya. Agapiti Maduhu. Kabatizwa. Komunyo ya kwanza, ipo. Kipaimara, hakuna. Ndoa, hakuna." Alisogeza uso karibu na ukurasa. Baada ya komunyo ya kwanza mstari ulikuwa mweupe mpaka ukingoni mwa karatasi.

Teles alilitazama lile pengo. Wawili hao walifuatana kitabuni, mmoja juu, mwingine chini, na kwa mtu asiyewajua wote wawili walikuwa wameishia utotoni. Wa juu angalau alikuwa ameagwa.

"Miaka thelathini na sita halafu mtu hana hata kipaimara?" Martina alichukua kalamu. "Hawa wa namna hii wengi walikufa, ndugu zao hawakuleta taarifa. Padre ameniagiza nizisafishe kurasa. Kaka, huyu unamjua? Yupo, au niandike alishafariki?"

Teles alifungua mdomo. Aliwaona Anisia na George, akaiona ovaroli yake imetundikwa msumarini Geita, na akajua kwamba lolote atakalojibu, kuna mtu anamzika. Alisubiri mwingine aitike kwanza.

"Yupo!" Suzana alikuwa amesimama mlangoni, goti na yote, mkono umenyooka. "Usimwandikie mwanangu kifo, mtoto wewe. Agapiti wangu yupo. Si huyo hapo!"

Na Teles akageuka, haraka, kuangalia ni nani anayeonyeshwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu, na kalenda ya jimbo.