Chupa Isiyo na Kibandiko

Nianze kwa kutenganisha yasemwayo na niliyoyaona. Kwamba mchungaji wetu alianguka chini, na kwamba aliimba, hayo yanasemwa Misiera, kijijini kwetu, na watu ambao siku hiyo hawakuwa Mbarara. Mimi nilikuwapo, na hayo sikuyaona. Niliyoyaona yanatosha kunitia aibu mpaka leo, na ninayaeleza mwenyewe kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Nilifundisha biolojia Kivu Kusini kwa muda mrefu, na tangu nifike Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, hakuna aliyeihitaji elimu hiyo, hadi mwanafunzi wangu wa zamani aliponitumia habari kwamba wataalamu wa moluska (konokono, kome na jamaa zao) wanatafuta watu wa kufunzwa kukusanya konokono wa ziwa letu. Sikuuamini ujumbe, nilidai tangazo lenyewe, nikalichapisha, nikalisoma mara tatu. Nafasi ya Nakivale ilikuwa moja. Mwombaji afike Mbarara na konokono aliowakusanya mwenyewe, wamehifadhiwa katika spiriti, pamoja na mtu wa heshima wa kumdhamini kwa kinywa chake.

Mdhamini wangu alikuwa mchungaji, ambaye mimi ni mzee wa kanisa lake. Spiriti haikupatikana katika duka la dawa, basi nikaenda kununua waragi, pombe kali ya Uganda, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani.

"Mwalimu, na weye?" akauliza mama muuzaji.

"Ni ya konokono."

"Ndiyo, Mwalimu. Kila mutu iko na konokono yake ku nyumba."

Ili nisionekane nimebeba pombe, niliihamishia kwenye chupa mbili za maji ya kunywa: moja nikatia konokono, ya pili nikaiweka akiba ya kuongezea, na juu yake sikuandika kitu (mimi, niliyekuwa nikimtoa maabara mwanafunzi mwenye chombo kisicho na kibandiko).

Katika ukumbi mmoja wa Mbarara, upande wa Ruharo, nilizitoa chupa mkobani ili nizifikie karatasi zangu, nami bila kufikiri nikaiweka ile ya akiba mezani, palipokuwa pamepangwa maji ya wageni. Mchungaji akasimama kunidhamini.

"Huyu muzee namujua miaka mingi. Pombe haijafika mu kinywa yake."

Koo lilikuwa limemkauka kwa safari. Akashika chupa iliyokuwa karibu, akanywa kama anywavyo mwenye kiu, kisha akabaki amesimama, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu," akasema polepole, "haya mayi ni ya fasi gani?"

Kabla sijajibu, mtaalamu aliyesimamia usaili, mama wa Kinyankore mwenye miwani, alimgeukia mhudumu. "Wewe, ni maji gani hii unaletea wageni?" Mhudumu, mwanamke wa makamo, alishika aproni yake. Ningeweza kunyamaza na nafasi ikabaki yangu, na nakiri kwamba nilinyamaza kwa muda wa pumzi mbili au tatu.

"Si maji," nikasema. "Ni waragi, na ni yangu."

Ukumbi ulicheka, tena kwa muda mrefu. Mchungaji aliketi. Yule mtaalamu hakucheka. Alinusa chupa, akafungua ile nyingine, akatoa konokono mmoja kwa koleo ndogo na kumbinya.

"Nguvu ya pombe yako ni kidogo, mzee. Lakini nyama iko. Wengine wameleta maganda tu."

Kabla hatujaondoka jina la aliyechaguliwa lilisomwa, nalo lilikuwa langu. Tuliposhuka Misiera mchungaji aliniambia, "Kwa bibi yangu utasema weye mwenyewe." Nilimweleza mkewe kwa nini mumewe ananuka pombe, mlangoni, nikiwa nimevua kofia.

Tangu hapo hakuna chombo nyumbani kwangu kisicho na jina, hata cha chumvi, na sitabeba tena kitu ninachoona haya kukiandika. Kama mchungaji amenisamehe, wapo wanaosema ndiyo na wapo wanaosema la, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata niliketi benchi ya pili, na kabla ya kunywa maji mimbarini alifungua chupa, akainusa, akanitazama, ndipo akanywa.