Mipaka ya Lubarika Ndani ya Kadi ya Picha

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu bado hunirudisha utotoni. Juzi, katika maabara ya chuo, ilinifikia kabla sijaketi, nikalazimika kutoka nje. Wenzangu sikuweza kuwaeleza sababu, ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kaka yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, alichapa nyaraka za watu sebuleni kwetu, mtaani Kilibula, kwa kompyuta iliyochoka. Kumbukumbu ya mashine ilipojaa, kazi ilimwagikia kwenye diski, na diski ikakoroma kama mgonjwa. Basi Yaya akaielekeza imwagikie kwenye kumbukumbu ya kadi ya picha, kile kipande kinachochora picha za skrini, iliyokaa bure kwa kuwa hakuna aliyecheza michezo pale.

“Hii karti iko inakula bure kama shemeji,” alicheka. “Leo itatumika!”

Wiki hiyo Baba alikuwa akififia. Alitaka mipaka ya shamba letu la Lubarika iandikwe: mfereji upi, mti upi, jirani yupi alishuhudia. Hakuna mwingine aliyeijua. Yaya alipanga picha za karatasi zote za zamani katika hati moja, nzito kupita kiasi, akaanza kuchapa maneno ya Baba. Nyumbani kwetu mzee aliyetaja mipaka hakukatizwa. Akikatizwa, walisema, mpaka huhama. Kuihifadhi hati ile kungeigandisha mashine kwa dakika kadhaa, na kila Yaya aliposita ili aihifadhi, Baba alisema, “Andika, mutoto wangu. Usinikate.”

Katikati ya jina la shahidi wa mwisho, Baba alikabwa na kikohozi. Yaya akatoka mbio kumwita muuguzi. Umeme ukakatika, mashine ikabaki inategemea betri ya gari. Nikafanya alivyonifundisha siku nyingine zote: nikailaza mashine, isinzie bila kuzimwa, isimalize betri. Nilijivuna.

Yaya aliporudi akaiamsha, skrini ilijaa mistari ya rangi, ikaganda. Alipoiwasha upya, hati haikuwepo. Baba hakusema tena. Siku ya tatu tulimzika. Shamba lile linalimwa na wengine.

“Weye haukufanya kitu,” Yaya aliniambia. “Ni minye niliharibu.”

Aliyarudia maneno hayo miaka mingi, hata kwenye simu, nami kila mara nilijibu, “Asante, Yaya, kwa kunibebea lawama.” Hapo aliniaga haraka.

Yaya tulimzika mwezi uliopita. Baada ya kilio nilirudi chuoni, ninakosomea uzamili wa informatiki, sayansi ya kompyuta, nikautengeneza upya mpangilio wa mashine yake. Mashine ikilazwa, kumbukumbu kuu huachiwa umeme kidogo. Ile ya kadi hukatiwa, na kilichokuwamo hupotea. Nilirudia jaribio mara nne, nikitafuta jibu jingine. Halikuwepo. Aliisahau hatari hiyo, akaniacha peke yangu na mashine, na alilijua kosa lake.

Nilidhani ananisamehe. Kumbe alikuwa akiniomba nimsamehe, nami miaka yote ile nilimjibu kwa shukrani.