Alama kwenye Mikono ya Antoinette

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningeshukuru kuisahau. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na dada yangu Antoinette alikuwa ameolewa Tchomia, kule ziwani, na Faustin, mkausha samaki. Alikuja kututembelea hapa Bunia. Alipovua sweta nikaona mikono yake imejaa mabaka, mengine meusi, mengine yameanza kuwa kijani.

"Faustin hakunipiga," akasema kabla sijafungua mdomo. "Inakuja yenyewe tu."

Mwanamke anayepigwa husema hivyohivyo, nikajiambia, na kweli wengi husema hivyo. Kwetu, dada akipigwa, ndugu zake hawamrudishi mpaka mume aje na wazee wake, alete mbuzi, na akiri kosa mbele ya familia. Basi tukamzuia Antoinette nyumbani, tukampelekea Faustin habari.

Alikuja, na mbuzi alileta. Kukiri ndiko alikokataa.

"Mbuzi ni ya heshima yenu," akasema. "Lakini kusema nilimupiga, siwezi. Sikumupiga."

Nilimwita mwongo mbele ya wazee wake. Mama yetu alikuwa ameketi mkekani, anatazama chini. Nilidhani ni uchungu wa mzazi. Faustin akarudi Tchomia peke yake.

Hasira hasara, mwanangu, na hasara yangu haikuchelewa. Wiki ya tatu tulikuwa tunatoka sokoni, mvua imetoka kunyesha, tunapanda kwetu Mudzipela na udongo unateleza. Antoinette akayumba, nikamdaka mkono. Kumdaka tu, kama ambavyo wewe ungemdaka mtu yeyote. Kesho yake asubuhi alikuwa anaosha vyombo, nikaona juu ya kiwiko chake alama nne zimejipanga, na ya tano upande wa pili. Nikazitazama, nikautazama mkono wangu. Nilikaa chini palepale, kwa aibu.

Tukampeleka hospitali. Dokta alitoa damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa, akaingoja mpaka ikaganda.

"Damu yake iko muzuri," akasema. "Mishipa inayopitisha damu ndiyo iko bila nguvu. Ukigusa kidogo inapasuka chini ya ngozi. Wengine wanapata hali kama hii kwa uzee, ao kwa dawa, ao kwa kukosa matunda na mboga. Huyu alizaliwa nayo. Kwenu nani mwingine iko nayo?"

Nikajibu hakuna. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akavuta juu mikono mirefu ya blauzi yake, zile blauzi alizovaa maisha yangu yote hata kwenye jua la saa sita, nasi tukasema mama anapenda kujisitiri. Mikono yake ilikuwa na mabaka yaleyale ya Antoinette.

"Ningesema, nani angeoa wadogo zake?" akauliza.

Sikuwa na haki ya kumlaumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga. Kwetu kilichokufa kwanza kilikuwa ndoa ya mtu asiye na kosa.

Nilikwenda Tchomia na baba mkubwa kuomba msamaha. Faustin tulimkuta anageuza samaki juu ya moshi. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Ngozi yake niliijua kutoka mwezi wa kwanza," akasema. "Siku ile ningewaambia, mungesema naongopa. Maji nilikuwa nachota mimi, kuni napasua mimi, majirani wananicheka. Leo munajua si mimi. Na kesho akipata alama ingine? Namupenda, lakini sitaweza tena kumushika mukono bila kuogopa ndugu zake."

Hakumchukua. Njiani kurudi, baba mkubwa aliniambia neno moja tu: "Dada yako alikuambia kweli siku ya kwanza. Ulikuwa unangoja nani mwingine akuambie?"

Antoinette aliishi kwangu mpaka tulipomzika. Hakunitupia neno baya hata siku moja. Mara nyingi nilitamani anitukane.

Sasa nimechoka, mwanangu, na ukubwa ni jaa, kila kitu kinatupwa kwangu. Mdogo wetu wa mwisho ana binti, na ngozi yake ni hiyohiyo. Anachumbiwa. Mama yake amekwisha kuninong'oneza ninyamaze mbele ya wakwe. Jumamosi wakija nitasema yote. Atakayekimbia akimbie mapema, na atakayebaki abaki akijua, ili siku ya uzazi hata madokta wajue mishipa yake haina nguvu.

Nawe sikia. Sikuambii umwache dada yako apigwe. Akisema anapigwa, nenda siku hiyohiyo, usingoje mvua ikatike. Akisema hapigwi na alama zipo, mpeleke kwa dokta kabla ya kumpeleka mumewe mbele ya wazee. Uliza kwenu nani mwingine anazo, uliza na bibi zako, maana kuuliza si ujinga. Na ugonjwa wa ukoo usiuvike blauzi.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe nyumba yenye amani na watu wanaosemezana kweli. Akupe uzee usio na mtu wa kumwomba msamaha. Mimi uzee huo sikuupata.